Uvimbe wa neva ndani ya pua

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 46. Tundu la kulia la pua yake limeziba kwa muda mrefu na mara nyingine hutoa damu. Alitibiwa mzio, kisha akaambiwa ana nyama za pua. Alipochukuliwa kinyama kikapimwe, majibu yakasema ni shwanoma. Je, hiyo ni saratani? Na mionzi haiwezi kumwepusha na upasuaji? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, dada. Shwanoma si saratani, na ni nadra sana kugeuka kuwa saratani. Huota kwenye seli zinazofunika nyuzi za neva, yaani mishipa ya fahamu; seli hizo zimepewa jina la mwanasayansi Mjerumani Theodor Schwann. Puani hutokana zaidi na matawi ya neva ya tano ya kichwa, ile inayopeleka hisia za uso, wala si neva ya kunusa, ambayo kwa kawaida haina seli hizo. Kati ya shwanoma zote za kichwa na shingo, zinazoota puani na katika uwazi wa mifupa inayoizunguka hazifiki 4 kwa 100, kwa hiyo sishangai kwamba matibabu yalianzia kwenye mzio.

Hata hivyo, nyama za pua za kawaida huota pande zote mbili. Pua inayoziba upande mmoja tu, tena ikitoa damu, inastahili kuchunguzwa kwa kamera na kupigwa picha kabla ya kunyofolewa chochote, kwa sababu baadhi ya vimbe, hasa ule unaowapata wavulana waliobalehe, huvuja damu nyingi mno vikiguswa, na mara chache kinachoonekana huwa ni sehemu ya ubongo iliyoshukia puani. Kipimo cha CT huonyesha hali ya mifupa. MRI hutenganisha uvimbe na makamasi yaliyokwama nyuma yake, na huonyesha kama umekaribia jicho au ubongo. Kama mumeo hajapigwa picha hizo, apigwe sasa.

Ulizeni pia kama maabara ilipima protini ya S100, ambayo seli za shwanoma huionyesha kwa wingi. Shwanoma ya puani mara nyingi haina ganda, na seli zake zikisongamana, mtaalamu asiyeizoea anaweza kuidhania saratani.

Kuhusu mionzi, uvimbe huu hauitikii vizuri, hivyo tiba yake ni kuuondoa wote, na siku hizi mara nyingi hutolewa kwa kamera kupitia tundu la pua, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, bila kupasua uso. Ukitoka wote, ni nadra kurudi, ingawa atahitaji kuchunguzwa tena kwa vipindi. Baada ya upasuaji, akiona maji meupe kama ya kunywa yakidondoka puani anapoinama, arudi hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda ni maji ya ubongo yanayovuja.