Msipatane Asilimia Kabla ya Kuikanyaga Ardhi Yenyewe

Mara ya kwanza nilipokaa kwenye kikao cha kujadili bustani ya umma katika mradi mpya wa nyumba, nilitoka na furaha tele. Mwendelezaji, yaani mwenye mradi anayejenga nyumba na kuziuza, alikuja na asilimia 6 ya ardhi kwa ajili ya bustani, sisi majirani tukadai 12, tukakutana kwenye 10. Miaka miwili baadaye nikaenda kuiona hiyo asilimia 10. Sehemu kubwa ilikuwa bwawa la kupokea maji ya mvua, limezungushiwa uzio. Nyingine ilikuwa kipande chembamba chini ya nyaya za umeme mkubwa. Iliyobaki ilikuwa mteremko ambao mtoto akipiga mpira, mpira hausimami mpaka barabarani. Hesabu ilitimia na hakuna aliyetudanganya. Hatukuwa tumeuliza ni ardhi ipi.

Tangu siku hiyo nimeshiriki majadiliano mengine mawili, na kila mara naanza kwa kuomba tutembee kwenye eneo kabla ya kutaja tarakimu yoyote. Nendeni na ramani mkononi, ikiwezekana baada ya mvua kubwa, muone maji yanatuama wapi. Kisha andikeni masharti ya ardhi itakayohesabiwa kuwa bustani: mteremko usizidi kiasi fulani, upana usipungue kiasi fulani, na mabwawa, hifadhi za barabara na njia za umeme zisiingizwe kwenye hesabu. Mwendelezaji anaweza kuziacha wazi na kuzipanda nyasi, lakini zisiwe mbadala wa mahali pa kuchezea. Jambo hili lina uzito kuliko asilimia mbili za nyongeza. Hekta moja na nusu ya ardhi tambarare katikati ya nyumba ningeichukua mbele ya hekta tatu za mabaki ya pembezoni.

Asilimia yenyewe ina kasoro nyingine: haijui idadi ya watu. Chukulia mradi wa hekta 20 wenye nyumba 400, kila moja na watu 4. Asilimia 10 ni hekta 2, yaani mita za mraba 12.5 kwa kila mtu. Mwaka unaofuata mchoro unabadilishwa, nyumba zinakuwa fleti 800 zenye watu 3 kila moja. Bustani ni ile ile, ila sasa kila mtu ana mita 8 na kidogo. Ndiyo maana kipimo cha ardhi kwa kila watu 1,000 kinafaa zaidi. Nchini Uingereza, watetezi wa viwanja vya michezo wameshikilia kwa miongo mingi kipimo cha ekari 6, karibu hekta 2.4, kwa watu 1,000. Sheria ya jimbo la California, Marekani, ya mwaka 1965 inaruhusu miji kudai ekari 3 kwa watu 1,000, na hadi 5 pale ambapo bustani zilizopo tayari zinazidi ekari hizo 3. Si lazima mfuate tarakimu hizo. Fungeni tu dai lenu kwenye idadi ya watu, na muandike kwamba nyumba zikiongezeka, bustani nayo inaongezeka.

Mwendelezaji makini atawauliza kwa nini iwe kiasi hicho na si kingine, na ana haki ya kuuliza. Mwaka 1994, katika kesi ya Dolan dhidi ya mji wa Tigard, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mji ukimtaka mwenye mradi atoe ardhi, uonyeshe kuwa kinachodaiwa kinalingana na athari za mradi wake. Hata pasipo sheria ya namna hiyo, naona ni kanuni ya haki. Upungufu wa bustani wa miaka thelathini wa mtaa mzima hauwezi kubebeshwa mradi mmoja. Nimewahi kusikia jirani akidai hivyo, na kikao kikavunjika.

Mjue pia mnachoweza kumpa mwendelezaji. Kila hekta anayoiacha ni viwanja asivyouza, na ana mkopo unaozaa riba kila mwezi. Kwenye mradi wa tatu tulikubali kutopinga ghorofa moja zaidi kwa majengo yanayotazama bustani, naye akatuachia kipande cha katikati tulichokitaka. Nyumba zikaelekeza milango na madirisha huko badala ya kuta za nyuma, na kwangu huo ndio ulinzi bora wa bustani, kwa sababu mama aliye jikoni anawaona watoto.

Sasa suala la lini, ambalo wengi hulisahau. Bustani iliyoachwa kwa awamu ya mwisho inaweza isijengwe kabisa, maana awamu ya mwisho ndiyo ya kwanza kuahirishwa soko likidorora. Sharti letu lilikuwa kwamba ikabidhiwe kabla kibali cha kuhamia nyumba ya 50 hakijatolewa, na dhamana ya benki iwepo. Ongezeni hapo neno moja kuhusu udongo. Wakati wa ujenzi, eneo la bustani hugeuzwa mahali pa kurundika kokoto na kuegesha mitambo. Ardhi inashindiliwa, miti inayopandwa juu yake inadumaa, na hakuna anayejua kwa nini. Eneo lizungushiwe uzio tangu siku ya kwanza, na udongo wa juu uhifadhiwe.

Wakiwapa fedha badala ya ardhi, kuweni wagumu. Kwa mradi mdogo sana usioweza kutoa hata kiwanja kimoja cha maana, fedha ni sawa. Zaidi ya hapo, dai langu ni akaunti ya pekee, matumizi ndani ya umbali ambao mtoto anaweza kwenda kwa miguu, na muda maalumu wa kuzitumia.

Kabla ya kusaini, ulizeni nani atakata nyasi mwaka wa tano na atalipwa kutoka mfuko gani. Jibu likiwa "tutaona", rudini mezani. Halafu hakikisheni ramani iliyoambatishwa kwenye mkataba ndiyo ile mliyotembea nayo. Mimi huiweka saini yangu pembeni siku tunapotembea, kisha naifananisha, mstari kwa mstari, na ile inayoletwa kusainiwa.