Hesabu usiku, si mchana: kwa anayeanza na krisanthemamu

Ukipanda maua ya krisanthemamu hapa Dagoretti, Nairobi, bila kuziwekea taa, zitachanua. Zitachanua zikiwa fupi kama sukumawiki changa, na hakuna muuzaji wa City Market atakayezishika. Hapo ndipo mimi nilipoanzia.

Mmea huu hupima giza. Usiku ukiwa mrefu na haujakatizwa, unaacha kurefuka na unafunga vitumba. Sisi tuko karibu mno na ikweta: kati ya Juni na Desemba mchana wa Nairobi haupishani hata robo saa. Maana yake kila usiku wetu, mwaka mzima, unaliambia ua lichanue. Kwa hiyo kazi yako ni kuuvunja usiku, kuanzia saa nne hadi saa nane, kwa wiki nne hivi mpaka shina lipate urefu. Kisha unazima, na kwa aina nyingi unasubiri wiki saba hadi tisa.

Hesabu uifanye kinyumenyume. Ukitaka kukata tarehe 12 Februari, na aina yako ni ya wiki nane, taa zizimwe 18 Desemba; miche iwe imeingia kitaluni 20 Novemba.

Balbu za kawaida zinatosha, kwa sababu hazilishi mmea, zinauhadaa tu. Kinachonitia wasiwasi ni taima, kile kifaa cha kuwasha na kuzima taa kwa saa. Yangu ya kwanza ilikuwa ile ya kuzungusha kwa mkono. Stima ikapotea jioni moja, ikarudi baada ya muda wa saa nane. Taima ilikuwa imesimama muda wote huo, basi ikaendelea pale ilipoachia: taa zikawa zinawaka saa kumi na mbili asubuhi na kuzima saa nne, jua likiwa tayari juu. Mimi nilikuwa nikipita saa moja asubuhi, naona taa zinawaka, natabasamu. Siku kumi na moja! Nilipopasua ncha ya shina kwa ukucha nikakuta kitumba cha ukubwa wa punje ya mtama. Siku hizi nina taima yenye betri, na bado huamka saa tano usiku kuchungulia.

Upande wa pili ni giza lisilo giza. Jirani aliweka mulika mwizi ukutani, na safu mbili za upande wake zikabaki kijani wakati nyingine zinachanua. Simama kitaluni usiku taa zikiwa zimezimwa. Ukiona kivuli chako juu ya mimea, tundika karatasi nyeusi upande huo. Ugomvi na jirani hausaidii, yeye anaogopa wezi.

Mawingu ya masika yasikuchanganye. Yanapunguza nguvu ya mwanga, mashina yanalegea, lakini siku haifupishwi. Usiongeze saa za taa kwa sababu ya mvua.

Vijana huniuliza kama bangi nayo ni hivi. Ndiyo, ile ya kawaida hupima usiku vilevile. Kule Canada, ambako ni halali tangu 2018, ukiingiza miche kwenye kivungulio Machi bila taa, usiku ungali mrefu na inaweza kuchanua ingali michanga. Hapa kwetu sheria inakataza, kwa hiyo tuendelee na maua.

Na ukinunua haiperikamu, lile ua la kukata lenye vitunda, geuza kila kitu: hiyo hutaka taa ndipo ichanue.