Portobello Road: Kigeuze Kwanza, Bei Baadaye

"Mwanangu, hivi vijiko vyako vinachubuka." Ndivyo shangazi alivyoniambia kwa simu kutoka Tanga, miezi michache baada ya kupokea zawadi yangu. Vijiko sita vya chai. Nilivinunua kwenye soko la mtaani la Portobello Road, magharibi mwa London, Jumamosi yangu ya kwanza pale, nikiamini ni fedha.

Muuzaji hakusema ni fedha, nami sikuuliza. Nilivutwa na mng'aro. Nyuma ya kila mpini kulikuwa na herufi nne, EPNS, yaani mchanganyiko wa shaba na nikeli uliopakwa fedha juu juu.

Tangu hapo sinunui kitu pale bila kukigeuza. Fedha halisi iliyopimwa hapa kwa kawaida ina mhuri wa simba anayetembea, mdogo kuliko punje ya mchele. Karibu yake kuna alama ya mji ilikopimwa: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London. Kuna na herufi moja inayoonyesha mwaka. Nenda na kioo cha kukuzia. Muuzaji anayeijua kazi yake hatachukia ukichunguza, na wengine watakuazima chao.

Pembe za ndovu ziache kabisa. Sheria ya Uingereza ya 2018, iliyoanza kutumika 2022, imepiga marufuku biashara yake isipokuwa kwa vitu vichache. Na sisi tuliotoka pwani tunajua misafara ya pembe ilishukia wapi, na nani walizibeba mabegani. Mimi bangili ya namna hiyo siwezi hata kuijaribu mkononi.

Vitu vya kale viko upande wa Notting Hill Gate, na siku yake hasa ni Jumamosi. Wahi asubuhi, maana kufika saa tano mtaa umeshafurika na huwezi kusimama ukatazama kitu kwa utulivu. Ukiteremka utapita matunda na mboga, kisha utafika chini ya daraja la Westway, kwenye nguo za zamani. Kwa nguo mimi huenda Ijumaa, watu wakiwa wachache.

Hapo aliyezoea kuinama kwenye mitumba ya soko la Karume, Dar es Salaam, ana faida kubwa. Anza na kwapa, halafu pindo, halafu zipu. Zipu ya chuma mara nyingi ni dalili njema kwamba gauni ni la zamani kweli. Koti ligeuze uone bitana, kisha linuse, kwa sababu harufu ya ukungu haitoki kirahisi. Bei ziko juu, lakini ukichukua viwili kwa mpigo na kuuliza kwa adabu, wengi hupunguza. Beba na pesa taslimu kidogo.

Mwezi uliopita nilipata kijiko chenye simba na nanga. Kimoja tu, siyo sita. Kiko njiani kwenda Tanga.