Mikimbio 5 ilitoka wapi?

SWALI: Kwenye Kombe la Dunia la kriketi la T20 (mechi za ova 20 kwa kila timu) mwaka 2024, India ilipocheza na Marekani huko New York, India ilikuwa inahitaji mikimbio (alama) 35 kwa mipira 30. Ghafla ubao ukasoma 30, na hakuna mpira uliorushwa. Kosa lilikuwa nini? Ndiyo ile adhabu ya kutoa mdakaji mmoja?

JIBU: Hizo ni adhabu mbili tofauti, na kila moja ina saa yake.

Iliyowakuta Marekani ni saa ya kati ya ova (seti ya mipira sita) na ova. Ova moja ikiisha, timu inayorusha ina sekunde 60 kuwa tayari kuanza nyingine. Ikichelewa inaonywa, ikirudia inaonywa tena, na mara ya tatu wapigaji wanapewa mikimbio 5 ya bure. Mwamuzi huitangaza kwa kujigonga bega mara kadhaa kwa mkono wa upande wa pili. Kanuni hiyo ilianza kwa majaribio Desemba 2023 na ikawa ya kudumu Juni 2024, kwa hiyo Marekani waliikuta ikiwa bado mbichi.

Saa ya pili inahesabu zamu nzima ya timu moja kurusha. Kwenye T20 za kimataifa, ova 20 zina dakika 85, na muda huo ukiisha kabla ya ova ya mwisho kuanza, ndipo adhabu ya mdakaji inapoingia. Lakini hatolewi mtu! Wanabaki 11 vilevile, ila wanaoruhusiwa kukaa nje ya duara lililochorwa kuzunguka katikati ya uwanja wanapungua kutoka 5 hadi 4 kwa mipira yote iliyobaki. Pengo hilo linakuja wakati mbaya kabisa, wapigaji wakiwa wanapiga kwa nguvu zote kutafuta mpaka wa uwanja.

Faini ya fedha nayo ipo: asilimia 5 ya malipo ya mechi kwa kila ova iliyopungua, yaani ambayo haikurushwa kwa wakati. Kwa maoni yangu, peke yake haijawahi kumharakisha nahodha yeyote. Anachokiogopa ni kupoteza mikimbio au pointi. Kwenye Test, zile mechi za siku tano ambako siku moja inatakiwa itimize ova 90, kila ova iliyopungua sasa inakata pointi moja ya Ubingwa wa Dunia wa Test. Australia walikatwa pointi 4 baada ya mechi ya Melbourne, Desemba 2020, kwa upungufu wa ova 2 tu (wakati huo kila ova ilikuwa pointi 2), kisha wakaikosa fainali ya 2021 kwa tofauti ndogo sana. Kwenye Ashes (mfululizo wa Test kati ya England na Australia) ya 2023, England walipoteza pointi 19.

Usidhani warushaji hubebeshwa kila ucheleweshaji. Majeruhi akitibiwa uwanjani, uamuzi ukipelekwa kwenye video, au mpigaji mwenyewe akijizungusha, dakika hizo hutolewa kwenye hesabu. Ile saa ya sekunde 60 nayo haiendelei kama mpigaji ndiye hayuko tayari.