Bendi Haikuharibikia Nassau

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni bendi gani uliyoipenda ikaharibika ilipobadili mtindo, na iliharibikia albamu ipi?" Chini ya swali mkatoa mfano wenu, Talking Heads, mkasema walianza kupotea mwaka 1980 walipoliacha gitaa lao kavu la New York wakaanza kuiga Afrika. Nimelisoma swali hilo usiku na usingizi ukaniruka. Mniwie radhi, sitaanza na mlichouliza. Nitaanza na hilo la kuiga, kwa sababu sisi watu wa Mtwara tuna la kusema juu yake.

Kwa msomaji asiyewafahamu: ni bendi ya rock ya Marekani ya watu wanne, David Byrne mwimbaji, Tina Weymouth wa besi, Chris Frantz wa drams, na Jerry Harrison wa kinanda na gitaa. Walijulikana kwenye ukumbi wa CBGB, wakatoa albamu ya kwanza mwaka 1977. Ile ni kazi ya mtu asiyetulia: gitaa linakatakata, sauti inatetema, hakuna noti ya anasa. Mwaka 1978 wakamchukua Brian Eno awatengenezee muziki, akakaa nao kwa albamu tatu: More Songs About Buildings and Food, kisha Fear of Music ya 1979, kisha hiyo mnayoilaumu, Remain in Light ya 1980, waliyoianzia studio ya Compass Point, Nassau, huko Bahamas. Eno ndiye aliyemsikilizisha Byrne santuri ya Fela Kuti wa Nigeria, Afrodisiac. Kuanzia hapo nyimbo zikaacha kupanda na kushuka. Zikakaa mahali pamoja na kuchimba.

Sasa mnasema waliiga. Mtu anayeiga huficha alikochukua. Hawa, albamu ilipotoka, waliwapa waandishi wa magazeti orodha ya vitabu walivyosoma, kimojawapo cha John Miller Chernoff kuhusu ngoma za Ghana. Na Angélique Kidjo wa Benin ameeleza mara nyingi jinsi alivyofika Paris mwaka 1983, akausikia wimbo mmoja wa albamu hiyo, akasema huu ni wa kwetu, akabishiwa kwamba hapana, huo ni rock, Waafrika hawawezi kupiga kitu cha hali ya juu namna hiyo. Mwaka 2018 akairekodi albamu nzima upya, na kwenye drams akamweka Tony Allen, mpigaji wa Fela mwenyewe. Mwenye mali amekuja, ameitambua, ameivaa. Sioni kesi ya wizi hapo.

Kwetu kubadili mtindo halijawahi kuwa kosa. Sisi tuliokuzwa na RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, tunakumbuka mwimbaji Muhidin Gurumo alivyotoka bendi ya Msondo akaenda kuianzisha Mlimani Park mwaka 1978, mwaka 1985 akaenda Safari Sound na Ndekule, baadaye akarudi Msondo. Kila alikokwenda, magitaa yalipangwa vingine. Tuligombana vibarazani, tukachagua upande, lakini mimi sikumsikia mtu akisema Gurumo ameharibika kwa sababu amehama.

Ila nilichotaka hasa kuwaeleza ni cha mjomba wangu.

Kanda za Talking Heads tulizipata enzi za RIPS, ule mradi wa Wafini, pale Shangani walipokuwa wakiishi wageni wengi. Mmoja alipomaliza mkataba wake aligawa vitu, na rafiki yangu fundi redio wa sokoni akaondoka na boksi la kanda badala ya masufuria. Tulikuwa watatu tulioziabudu: mimi, huyo fundi, na mwalimu mmoja wa sekondari ambaye hapa nitamwita Mwalimu. Tulikuwa tukikutana nyumbani kwetu Chikongola na kuzisikiliza kwa mpangilio wa miaka, tukibishana kila kanda inapogeuzwa. Msimamo wetu ulikuwa mmoja: Remain in Light ndiyo kilele, na Little Creatures ya 1985 ndiyo aibu. Little Creatures ina nyimbo fupi, tamu, zinazoimbika na mtoto. Huko Marekani iliuzwa zaidi ya nakala milioni mbili, na sisi tuliona hilo ni ushahidi wa kutosha dhidi yake.

Msimu mmoja mjomba akashuka kutoka upande wa Newala kuja kutibiwa macho hospitali ya Ligula. Wanaojua Wamakonde wanajua mjomba ni nani nyumbani. Akikaa, redio inazimwa mpaka aseme iwashwe. Alikuwa mpiga vinganga, zile ngoma ndogo za njiti, wa sifa ujanani, sindimba na ngoma za jandoni, na mpaka uzeeni watu walimfuata akafundishe vijana kipindi cha unyago. Jicho moja lilikuwa na bandeji na jingine alikatazwa kulichosha, basi alikaa mkekani ukutani, kichwa amekiinamisha, anasikiliza kila kitu. Wenzangu walipokuja jioni nikawaambia leo tuahirishe. Mjomba akasema, "Pigeni hiyo yenu nisikie. Nimechoka kusikiliza majirani."

Tukaweka Remain in Light, upande wa kwanza. Upande ule una nyimbo tatu tu, ndefu, hazikupi nafasi ya kupumua. Wimbo wa kwanza alinyamaza. Wa pili ukaanza, akanyoosha mkono, akachomoa njiti mbili kwenye ufagio wa chelewa uliokuwa mlangoni, akazivunja zikalingana urefu, akavuta sinia la bati lililokuwa na maganda ya mihogo, akayamwaga pembeni. Kisha akaingia. Hakuingia pale ambapo ningeingia mimi, kwenye pigo la drams. Alisubiri, akaingia katikati ya pigo na pigo, kavu, haraka, kwenye ukingo wa sinia, na ghafla wimbo niliokuwa nimeusikia miaka ukawa na sakafu. Nikaisikia besi ya Tina Weymouth kwa mara ya kwanza kama kitu kilichosimama, na vingine vyote vinaizunguka. Fundi alinishika goti. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Mnaona? Mnaona?" Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha: mzee wa Newala amekaa ndani ya wimbo wa Nassau bila kubisha hodi.

Ukaja wimbo wa tatu, ule ambao Adrian Belew, mpiga gitaa waliyemwalika, analipigisha gitaa mayowe juu ya waimbaji. Mjomba akapiga kidogo, akaacha. Akaweka njiti juu ya sinia. Wimbo ukaenda mpaka mwisho bila yeye.

"Njomba, vipi?" nikamuuliza.

"Mchezaji wao yuko wapi?"

Tukaanza kumweleza, sote kwa pamoja, kwamba ni kanda, ni studio, hakuna mchezaji. Akatunyamazisha kwa kiganja. Akasema vinganga kazi yake ni kushikilia, na anavisikia humo, tena wengi na wanajua kazi. Lakini ngoma ina mmoja anayemtazama mchezaji miguuni na kumwita, akimwita anageuka, akigeuka ngoma nayo inageuka. "Humu wote wanashikilia. Wanamshikilia nani?" Juu ya Belew alisema, "Huyu anayelia anataka kucheza, ila wenzake hawamtazami."

Mwalimu hakukubali. Alibisha kwa adabu lakini kwa moto, akasema huo ndio ubora wake, kwamba hakuna mkubwa, kila mmoja ana kipande chake. Na ni kweli ndivyo ilivyotengenezwa. Walirekodi kipande kimoja kimoja, kila mtu akirudia chake, kisha pale kwenye mashine wakawa wanafungua sauti hii na kufunga ile mpaka wimbo ukatokea. Maneno ya Byrne yalikuja baadaye. Hata jukwaani wanne hao hawakuweza kuupiga peke yao; ilibidi waongeze watu hadi tisa. Mjomba alisikiliza maelezo hayo yote, akauliza kama kuna kanda waliyopiga watu wakiwepo.

Ilikuwepo. Stop Making Sense, iliyorekodiwa ukumbini Hollywood Desemba 1983, Steve Scales kwenye tumba, Bernie Worrell kwenye kinanda, Lynn Mabry na Ednah Holt wakiitikia. Fundi akausogeza mpaka ule wimbo wa maji yanayopita ambao uko pia kwenye Remain in Light. Mjomba hakugusa njiti. Alitikisa bega moja tu, lile lililo mbali na sisi, akasema, "Sasa ameitwa."

Hapo ningeishia, lakini betri zilikuwa bado nzima na Mwalimu alitaka kushinda. Akasema basi amsikilizishe mzee aibu yenyewe aone tofauti. Akaweka Little Creatures upande wa pili, akausogeza mpaka wimbo wa mwisho, ule wa safari isiyo na mwisho wa njia, unaoanza kwa sauti za watu bila ala, kisha zinaingia drams za gwaride na kodiani. Mjomba akainua uso, na bandeji yake hiyo, akacheka.

"Hii si beni?"

Akaichukua njiti moja akaipiga kwa bapa kwenye sinia, kushoto kulia, kushoto kulia, na vidole vya miguu vikaanza kwenda mkekani. Akatusimulia beni za Lindi alizozikuta akiwa mdogo, vyeo vyao, kofia zao, watu wakipita mtaani wamejipanga. Aliomba wimbo urudiwe. Ukarudiwa. Mke wangu akatoka jikoni akasimama mlangoni akiwa na upawa mkononi, naye akawa anayumba, na yeye katika kanda zetu zote hakuwahi kuomba hata moja. Mwalimu alizima redio mwenyewe akasema muda umekwenda.

Nimerefusha, najua. Lakini nimeona haja ya kuyaeleza haya kwa sababu kwenye swali lenu mmesimama mahali tuliposimama sisi, ila upande wa pili. Ninyi mnasema waliharibika 1980 kwa kuwa muziki ulikuwa mzito wa kwetu. Sisi tulisema waliharibika 1985 kwa kuwa ulikuwa mwepesi wa kwao. Wote tunapima umbali kutoka pale tulipowakuta. Mzee hakuwakuta popote. Alitafuta kama kuna mtu anayeitwa na anayeitika, akakuta hayupo kwenye kilele chetu na yupo kwenye aibu yetu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema tu kwamba bendi haiharibiki kwa kubadilika, nikatia sahihi. Sasa naona hilo halitoshi, na mmeuliza swali la haki, mnastahili jina. Basi naam, Talking Heads iliharibika, na albamu ni True Stories ya 1986. Sababu yake ndiyo nataka ieleweke: ndiyo albamu ambayo hawakubadili kitu. Nyimbo zile zilikuwa za filamu ya Byrne, ndani ya filamu nyingi zinaimbwa na waigizaji, na bendi ikaingia studio kuzipiga tena kwa sauti ile ile ya mwaka uliotangulia. Unasikia wapigaji hodari wakitekeleza. Nauondoa kwenye hukumu hii wimbo mmoja, ule ambao kundi la Radiohead lilichukua jina lake; una kodiani, na ningependa sana mjomba angeusikia. Na ugomvi wao wa ndani nao ulichangia, tangu wakati wa Remain in Light walipokwaruzana juu ya majina ya watunzi yaandikwe vipi. Hilo halikuwa la mtindo.

Remain in Light bado naiweka juu ya zote, ila siku hizi naiweka juu kama kazi ya kusikiliza umekaa. Mtu akija nyumbani nampigia Stop Making Sense. Fear of Music ni ya kwangu peke yangu usiku. Speaking in Tongues ya 1983 ni nzuri na sina zaidi. Little Creatures nimeitoa kizimbani kabisa.

Inabaki Naked ya 1988, ya mwisho, waliyoirekodi Paris pamoja na wanamuziki wa Kiafrika, safari hii wakiwa chumba kimoja, muziki ukipigwa kwanza na maneno yakifuata. Hapo tarumbeta zinauliza na magitaa yanajibu, na ningesema wamemaliza walichokianza Nassau, kama si nusu ya pili inayozama kwenye maneno ya huzuni na mdundo ukapoa. Upande wa kwanza nauchukua. Wa pili mwulizeni Mwalimu, yeye anautetea mpaka leo.

Msomaji wenu, Chikongola, Mtwara