Muulize Shangazi: Ugenini Hangzhou

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tunakwenda Hangzhou, China, kusherehekea miaka 25 ya ndoa. Tumejibana, tutalala hoteli ya nyota tano karibu na Ziwa la Magharibi. Wahudumu tuwape bahashishi kiasi gani? Na mshirika wetu wa biashara ametualika chakula cha jioni. Tumpelekee nini?
Mama wa Kisasa, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni sana! Bahashishi si desturi yao, asante inatosha. Ukimlazimisha mhudumu utamtia aibu bure. Hela hiyo pandieni mashua ziwani, au mnywe chai ya Longjing inayolimwa kwenye vilima vya hapo hapo. Huletwa kwenye glasi, majani yakielea kisha yakizama taratibu, bila maziwa wala sukari. Nawasihi, msiombe sukari.

Mezani ndiko kwenye mambo. Kiti kinachotazama mlango ni cha heshima, kwa hiyo ngojeni muoneshwe pa kukaa. Mkigonganisha glasi, shusha yako kidogo chini ya ile ya mkubwa. Vijiti msivisimike wima kwenye wali, maana hivyo hufanyiwa marehemu.

Zawadi mnayo nyumbani: mvinyo wa zabibu zetu za Dodoma, na mmpe kwa mikono miwili. Asipoifungua mbele yenu msinung'unike, ni adabu yao. Saa ya ukutani hapana kabisa, kwao inanuka msiba.

Halafu wekeni Alipay, programu yao ya kulipia vitu, kwenye simu na muiunganishe na kadi ya benki kabla ya kuondoka.