Fizikia imemshinda, aiache?

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha pili na anatamani uhandisi. Muhula huu amepata alama 31 za fizikia, sasa anasema aiache. Nimlazimishe?
Mama Neema, Morogoro

JIBU: Usimlazimishe, mama, ila usimruhusu aamue kwa alama ya muhula mmoja. Akitaka PCM (fizikia, kemia na hisabati) kidato cha tano, fizikia haikwepeki. Kaa naye muipitie karatasi yake: alama zilipotea kwenye kanuni, hesabu, au vizio? Mara nyingi mtoto anajua kanuni lakini anasahau kugeuza sentimita kuwa mita.

Kisha mpe kitu cha kushika. Afunge jiwe dogo kwenye uzi, aupachike kwenye msumari. Kutoka msumarini hadi katikati ya jiwe (si kwenye fundo, hapo ndipo wengi hukosea) pawe mita 1. Alivute kidogo tu, aliachie, ahesabu mabembeo 20 ya kwenda na kurudi kwa saa ya simu. Atapata kama sekunde 40. Akipata 38, alianza kuhesabu "moja" anapoachia badala ya "sifuri". Asifute, atafute mwenyewe kosa liko wapi.

Sasa muulize: jiwe zito litabembea haraka zaidi? Abashiri kwanza, aandike, ndipo ajaribu. Halafu uzi wa sentimita 25: watu hutarajia sekunde 10, zinatoka 20. Akiuliza kwa nini, usikimbilie kumjibu. Mwache alale nalo, kesho amuulize mwalimu.